Jina Nililomrushia Telusia

Kwetu hakuna anayezikwa na jina alilobatizwa nalo. Kuna Mchina ambaye hajawahi kuiona China, kuna Makengeza, kuna Jogoo ambaye mkewe ndiye anayempiga. Mimi kwenye kitambulisho ni Nereida Luis, lakini kambi yetu nzima ya miwa inaniita Sufuria, kwa weusi wangu, na sijawahi kununa. Na Telusia, komadre wangu, maana binti yake nilimshika mimi siku ya ubatizo, tunamwita Mhaiti. Jina hilo nilimpa mimi tukiwa na miaka saba. Namna nilivyompa nitaisema baadaye.

Mwaka jana mwezi wa tatu alikuja Raiza na kamera zake. Raiza ni Mdominika kama sisi kwa wazazi, ila amekulia New York, na Kihispania chake ukikisikiliza unatamani kumsaidia. Alikuwa anatengeneza filamu ya makala: kwa nini sisi weusi wa huku hatutaki kujiita weusi, na kwa nini tunawadharau Wahaiti tunaogawana nao kisiwa kimoja. Alichagua kupiga picha saluni kwangu. Alisema saluni ndipo watu wanapojikana, kichwa baada ya kichwa. Mimi nikadhani ananisifia, nikamwekea kahawa.

Siku yenyewe nilikuwa na wateja watatu, na Telusia alikuwa chini ya draya na rola zake kichwani, anatafuna ndizi za kukaanga. Raiza akanisogezea kipaza sauti.

"Donya Nereida, wewe ni rangi gani?"

"India," nikamjibu. Ndivyo kilivyoandikwa kitambulisho changu cha zamani, na cha mama yangu, na cha nusu ya nchi hii: si India ya Wahindi, ni damu ya wale wenyeji wa kale waliokuwepo kabla ya meli za Wahispania. Karani alikutupia jicho dirishani, akaandika india wa kukolea au india wa kufifia, ukaenda zako.

"Lakini wenyeji hao walikwisha miaka mia tano iliyopita."

"Basi nimebaki mimi. Nipige picha vizuri."

Wateja wakacheka. Raiza hakucheka.

"Dada yangu, jitazame kwenye kioo. Unaona nini?"

"Namwona mteja wangu anaungua na dawa ya nywele, na wewe umenizuia kwa maswali."

"Sema tu, mimi ni mweusi. Kuna ugumu gani?"

Hakukuwa na ugumu. Mtu anayeitwa Sufuria kutwa nzima anajua rangi yake. Ila kulisema neno mbele ya mtu anayelisubiri kama polisi anavyosubiri ukiri, hilo lilinikera hadi nikahisi masikio yanawaka. Na mimi nikiudhika hufanya mzaha, ndiyo tabia yangu na ndiyo laana yangu. Nikamwonyesha Telusia kwa kitana.

"Kama unatafuta Wahaiti unahangaika nini? Muulize Mhaiti wangu huyu hapa!"

Saluni ikaangua kicheko. Telusia akachomoa kichwa kutoka kwenye draya, rola mbili zikadondoka.

"Mhaiti shangazi yako! Mimi kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba hii hii, na aliyekikata ni mama yake huyo Sufuria. Haya, hilo nalo litie kwenye mashine yako."

Raiza akafurahi sana. Kesho yake alimwomba Telusia atembee polepole katikati ya miwa, ameshika panga.

"Nikakate nini, mwanangu?" Telusia akamuuliza. "Mimi mpishi wa shule. Panga nalijua kwa nazi tu."

"Ni kwa ajili ya picha, mama."

Basi akatembea. Telusia ni mtu asiyejua kumkatalia mgeni. Alirudi na miguu imechanjwachanjwa na majani, akanicheka kwamba mimi nilipigwa picha nimekaa kivulini.

Filamu ilitoka baada ya miezi minane. Tuliiangalia kwenye ukuta wa shule, tumeleta viti vyetu, watoto wamevaa nguo za kanisani. Ngoma ya huzuni ikalia. Akatokea Telusia katikati ya miwa, panga mkononi, na chini ya miguu yake yakapita maandishi: "Telusia, mkata miwa kutoka Haiti." Kisha nikatokea mimi na kitana changu, nasema Mhaiti wangu huyu hapa, na kicheko changu kikapunguzwa mwendo, meno yangu yote nje. Profesa mmoja mwenye tai akakieleza kile kicheko kwa dakika tatu nzima. Mimi mwenyewe sikujua kina mambo mengi kiasi kile. Habari ya kitovu hatukuiona, ilikatwa.

"Mimi natoka Haiti lini?" Telusia akaninong'oneza. Hata njia ya mpakani haijui.

Ningekuwa na akili ningempigia Raiza usiku ule ule. Badala yake nilitaniwa juu ya meno yangu, nikataniana na watu, nikalala.

Mwezi wa kwanza Yorleni, yule binti yangu wa ubatizo, akapata nafasi chuo cha uuguzi San Pedro. Msichana anasoma mpaka unamwonea huruma. Chuo kilitaka kitambulisho kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Na kwa mtoto ambaye babu yake alikuja na lori la wakata miwa kutoka Haiti, kitambulisho si kitu cha kwenda kuchukua tu. Faili linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena. Wanataka kwanza wahakikishe mama yake alizaliwa hapa. Cheti cha Telusia kipo, baba yake alikwenda kumwandikisha kwa mguu, na jina la huyo baba, Jean, karani akaliandika Yan, alivyolisikia.

Afisa wa uandikishaji, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alimtazama Telusia kwa muda mrefu. Halafu akatoa simu yake. Kile kipande chetu cha saluni kilikuwa kimesambaa kwenye simu za watu, na yeye alikuwa nacho.

"Mama, huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Hapa imeandikwa unatoka Haiti. Cheti kinasema umezaliwa kambini. Na jirani yako anakuita Mhaiti mbele ya dunia nzima. Mimi nimwamini nani?"

"Hilo ni jina la utani, bwana."

"Basi mlete aliyekupa. Alhamisi."

Nilimpigia Raiza jioni ile. Sitamsingizia: alilia. Alisema maneno ya chini ya picha yaliwekwa na mtu mwingine, kwamba filamu imeshatembea nchi nyingi na kuibadilisha si kazi ya siku mbili. Kisha akaniuliza kama anaweza kuja Alhamisi na kamera, kwa sababu hii ndiyo dhuluma yenyewe aliyokuwa anaitafuta.

"Ukija na kamera nitakunyoa," nikamwambia, nikakata.

Sasa niseme lile la jina, lile la bombani tulikoteka maji. Sikulisema kwa Raiza, sikulisema kwa padri, na mume wangu amekufa hajalisikia.

Babu yangu aliitwa Lwi. Alitoka Haiti na lori moja na baba yake Telusia, wamekaa ubavu kwa ubavu. Kwenye karatasi jina lake likawa Luis, tena likawa jina la ukoo wetu, na mama yangu akatuchapa tulipotamka vinginevyo. Lakini babu alikuwa mzee, na mchana mmoja akatoka mlangoni akaniita kwa Kikrioli cha Haiti nikale. Watoto wote walikuwa kwenye foleni ya maji. Wakasikia. Wakaanza, "Mhaiti! Nereida Mhaiti!" na mmoja akanirushia tope. Telusia alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Nikamnyooshea kidole. "Mhaiti ni yule! Kwao yule ndiko wanakoongea hivyo. Babu anawaigiza tu." Wakamgeukia. Telusia alijua kila kitu, alikuwa anakula sahani moja na babu yangu. Alilipokea jina kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo kidogo apumzike, na mimi sikurudi kuuchukua.

Hivyo Raiza, na profesa wake wa tai, walisema kweli juu yangu bila kujua. Waliyemkosea ni Telusia, na mimi ndiye niliyewaonyesha kwa kitana, kama nilivyowaonyesha wale watoto kwa kidole.

Alhamisi nilivaa gauni langu la mazishi. Telusia na Yorleni waliambiwa wasubiri nje, nikaingia peke yangu. Yule afisa akaweka simu mezani, mimi nikiwa mle kwenye picha na kitana changu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, na meno yangu."

"Huyu mwanamke amezaliwa wapi?"

"Nyuma ya saluni yangu. Mama yangu ndiye aliyemzalisha. Kitovu chake na changu vimezikwa shimo moja."

"Na unamwita Mhaiti."

"Utani, bwana. Hata mimi naitwa Sufuria."

"Sufuria naiona." Akanitazama, wala hakutabasamu. "Utani una sababu. Kwa nini yeye na si mwingine? Baba zenu wote walikuwa wakata miwa, wote weusi. Kuna kitu watu walikuwa wanakijua juu yake. Ukinipa sababu nitaandika. Usiponipa, faili hili nalifunga leo."

Angeniuliza kwa ukali ningejua la kujibu. Aliuliza kama mtu aliyechoka, anayetaka kwenda kula. Nilimwaza Yorleni nje na bahasha yake ya chuo kifuani. Nilikiwaza pia kitambulisho changu mwenyewe, saluni yangu, na mwanangu wa kiume anayefanya kazi bandarini. Mdomo wangu ulianza kutunga mzaha, kwa mazoea, na sikuupata.

"Kwa sababu waliniita mimi kwanza," nikasema. "Nikamrushia yeye."

"Walikuita wewe kwa nini?"

"Babu yangu. Luis unayemwona hapo alikuwa Lwi."

Kalamu ikasimama. "Mama, unajua unachokisema? Naandika."

"Andika. Andika na lile la bombani, nilikuwa na miaka saba."

Akaandika ukurasa mzima. Akanipa nisome, nikasoma, nikatia sahihi. Akagonga muhuri kwenye faili la Yorleni, akalisogeza upande wa kushoto wa meza.

"La binti litaendelea. Jumatatu aje kupigwa picha." Kisha akanyoosha mkono. "Chako kitabaki hapa mpaka kichunguzwe."

Nikampa kitambulisho changu. Akakitia kwenye droo, akanipa kipande cha karatasi chenye namba.

Telusia alikuwa amesimama kwenye kamstari ka kivuli kando ya ukuta. Yorleni aliusoma uso wangu akashindwa kuuelewa. Nikamwambia Jumatatu akapigwe picha, akaruka, akanikumbatia, akakimbia kumpigia rafiki yake simu. Ndipo Telusia akaiona ile karatasi mkononi mwangu.

"Umesema nini mle ndani, Sufuria?"

"Nimesema la bombani."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani kwake anapoweka vitu asivyotaka vipotee.

"Miaka thelathini na tisa," akasema. "Nilikuwa nadhani umesahau."

"Mbona hukuwahi kuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Nilikuwepo."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza kulia kama mjinga katikati ya njia, watu wanapita na mafaili yao. Telusia akanifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyowafuta watoto wa shule.

"Yaishe," akasema. Halafu, kwa sauti yake ile ya kuitia watoto chakula: "Twende tukale, Mhaiti."

Niligeuka nyuma haraka kuona nani amesikia.