Mikono Mizima

Watu wa bonde letu wana ugonjwa mmoja usio na dawa. Ukiwauliza hali, hata kama wamekatwa mguu jana, watakujibu, "Hatuna la kulalamika." Mimi ni mmoja wao. Naitwa Eirlys, mke wa Hywel aliyekuwa dereva wa basi hapa kijijini Cwmhelyg, na maneno hayo matatu yamenigharimu mume.

Nianze na asubuhi zetu, maana hapo ndipo tulipokuwa na raha. Hywel alipigwa na kiharusi akiwa na miaka hamsini na sita. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu. Ulimi ulibaki, tena mkali kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa na baridi yabisi tangu kabla ya hapo, na mwaka hadi mwaka vidole vilipinda mpaka vikawa kama tangawizi. Mgongo nilikuwa nao, miguu ninayo, mikono ninayo hadi kwenye viganja. Vidole vilikuwa mapambo tu.

Yeye alikuwa na mkono wake wa kushoto. Basi tukijumlishana tunapata mtu mmoja na ushei. Nilikuwa nampitishia mikono kwapani, namwinua kitandani kwa nguvu za viwiko, namvalisha soksi kwa kuzisukuma na viganja. Kisha nakaa ukingoni mwa kitanda na kumgeuzia kifua, naye ananifunga vifungo vya blauzi kwa mkono wake mmoja, kuanzia juu kushuka chini, huku anaimba kwa besi nyimbo za kwaya ya kanisani.

"Ujanani nilijua kufungua tu," alikuwa anasema. "Kufunga nimejifunza uzeeni."

"Na kufungua umesahau."

"Sijasahau, bibie. Napumzika."

Kila siku maneno yaleyale, na kila siku nilicheka.

Serikali ilikuwa inampa Hywel posho ya ulemavu, na mimi inanipa posho ya mwuguzaji, kwa kuwa namtunza saa thelathini na tano kwa wiki au zaidi. Thelathini na tano! Aliyeipanga hesabu hiyo hajawahi kumwogesha mwanamume mzima. Fomu niliitia sahihi kalamu ikiwa imefungiwa kwenye ngumi kwa bendeji, na habari za vidole vyangu sikuziandika popote.

Delyth, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakuniacha nipumue.

"Shoga, na wewe dai chako. Hivyo vidole umevificha kwenye mifuko ya aproni mpaka lini? Unadhani mimi kipofu?"

"Vinauma kidogo tu wakati wa baridi."

"Hapa kwetu ni baridi miezi kumi na miwili! Nenda kamuulize mzee Prosser. Kila Alhamisi yuko pale kwenye ukumbi wa kanisa, anajaza fomu za watu bure."

"Prosser ana mdomo."

"Prosser? Yule hata chai akiitaka anaona haya kuomba."

Sikwenda. Sababu yangu nilikuwa nayo, na niliilinda kuliko nyumba. Nilikuwa nimesikia buchani, kwa mwanamke aliyesikia kwa mwenziwe, kwamba mwuguzaji akionekana naye ni mgonjwa, posho yake inakatwa hapohapo. Watasema huyu hawezi kujitunza, atamtunzaje mwenzake? Halafu watamwona Hywel hana mtu, watamchukua wampeleke kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kule mjini, alazwe na watu asiowajua. Maneno ya buchani! Niliyaamini kuliko nilivyowahi kuamini mahubiri. Nikamwambia Hywel, naye akaniamini mimi.

"Basi mikono yako ni mizima," akasema. "Tumemaliza."

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka halmashauri. Kuna binti atatutembelea, anataka kuona tunavyoishi na kama mimi mwuguzaji nahitaji msaada wowote. Niliisoma mara mbili. Nikajua wamenishtukia.

Mungu anisamehe, tuliisafisha ile nyumba kama tunaozesha. Kiti cha choo cha Hywel nilikisukuma kwa makalio mpaka stoo. Taulo za kukojolea nikazitia kabatini. Hywel akataka tai ya kwaya, akajifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Mimi nikapika vile vikate vidogo vyenye zabibu kavu, vinavyochomwa juu ya bamba la chuma, unga nikiukanda kwa viwiko na kulia kimyakimya, si kwa huzuni, kwa maumivu.

Binti akaja, mdogo, mpole, viatu vimelowa. Laiti angekuwa na kiburi ningekuwa na mtu wa kumlaumu leo.

"Mnaendeleaje?" akauliza.

"Hatuna la kulalamika," tukajibu kwa pamoja, mimi na mume wangu, kama tumefanya mazoezi.

"Nani anamwinua baba asubuhi?"

"Mimi."

"Peke yako? Mgongo haukusumbui?"

"Mama yangu alikuwa anabeba magunia ya makaa. Huu mgongo ni wa urithi."

Akacheka, akaandika. Kisha akatazama aproni yangu, pale mikono ilipokuwa imejificha. "Na mikono yako, mama? Nakuona umeifunika. Kama inakusumbua niambie tu, usiogope. Tunaweza kutafuta mtu wa kuja asubuhi, au mashine ya kumwinulia."

Mtego huo, nikajiambia. Umetegwa kwa sauti tamu, lakini ni mtego.

"Mikono yangu ni mizima," nikasema. Na ili aamini, nikaitoa haraka, nikalishika lile buli kubwa la chai, limejaa, kwa mikono miwili, nikamimina vikombe vitatu. Sikumwaga hata tone. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Nikaliweka buli chini na kumkaribisha kikate.

Alikula viwili. Alipoondoka alituachia karatasi yenye namba ya simu, "mkibadili mawazo." Mlango ulipofungwa Hywel akanipigia makofi kwa kupiga paja lake.

"Umemimina kama malkia, bibie."

"Tumewaweza," nikasema. Karatasi nikaitia kwenye moto. Jioni ile tulikuwa na furaha kweli. Tulijiona tumeokoka.

Wiki tatu baadaye, Jumanne saa moja asubuhi, nilikuwa namtoa Hywel bafuni. Usiku vidole vilikuwa vimevimba, nimeamka navyo hivyo. Kwa kawaida niliinua kwa viwiko, lakini mwili wake ulikuwa na sabuni, ukateleza, na mikono yangu ikafanya kile ambacho mikono ya mtu yeyote ingefanya. Ikajaribu kukamata. Ikakamata, nikamshika kabisa, chini ya kwapa. Akanitazama, nami nikamtazama. Halafu vidole vikaachia. Sikuviambia viachie.

Nyonga ilivunjika, nilisikia mlio wake. Alikuwa amelala juu ya vigae, uso mweupe, na sikuweza kumwinua, sikuweza hata kumgeuza. Nikamtupia taulo na kupiga magoti kando yake.

"Usiwaambie ni mikono," akasema. "Sema niliteleza."

"Hywel, nyamaza, nimwite Delyth."

"Wakijua watatutenganisha. Sema niliteleza. Niahidi kwanza."

Nikaahidi. Delyth alipokuja mbio na nguo ya kulalia, nikamwambia aliteleza. Watu wa gari la wagonjwa nikawaambia hivyohivyo. Nesi alipouliza, Hywel mwenyewe alisema, "Sabuni, binti yangu. Sabuni mbaya sana hii," naye nesi akacheka. Hospitali walimtengeneza nyonga vizuri, hawakukosea kitu, lakini kifua kikajaa, na siku ya kumi na moja hakuamka.

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na blauzi niliyoivalia kichwani, isiyo na vifungo, kwa kuwa tangu Jumanne ile sikuwa na mtu wa kunifunga.

Asubuhi ya mazishi nilitoa gauni langu jeusi. Lina vifungo tisa mbele, vidogo vya duara, vya kitambaa. Nilisimama mbele ya kioo nusu saa. Nilijaribu kwa vidole, nikajaribu kwa meno, nikajaribu kwa uma wa jikoni. Wanakwaya walikuwa wamekwisha fika barabarani, nawasikia wanakohoa na kupasha sauti. Ndipo nikatoka mlango wa nyuma kifua wazi, mjane mzima, nikagonga kwa Delyth kwa kiwiko.

"Nifunge," nikamwambia, na nikainyoosha mikono yote miwili mbele yake.

Nilingoja anitukane. Delyth hajawahi kukosa neno tangu nimjue. Aliitazama mikono, akaishika kama anavyoshikwa kifaranga, na machozi yakamtoka. "We mwanamke," akasema. "We mwanamke mwendawazimu wee." Akanifunga vyote tisa.

Posho ya mwuguzaji inaendelea wiki nane baada ya mgonjwa kufa, halafu inakwisha. Wiki ya sita Delyth alinishika mkono Alhamisi akanivuta mpaka ukumbi wa kanisa. Ni hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Nilizihesabu.

Mzee Prosser alikuwa kwenye meza yake na birika lake na rundo la fomu. Akanipa pole, akaiona mikono, akachukua fomu ya ulemavu bila kuuliza.

"Ila nina swali, Bibi Eirlys. Hii ungeidai tangu zamani. Kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa mwuguzaji."

"Ndiyo. Na?"

"Mwuguzaji mgonjwa hafai. Wangenikatia posho, wangemchukua Hywel."

Prosser akaivua miwani yake. Ni mtu wa haya kweli, hakunitazama. "Hizo ni posho mbili mbali mbali," akasema polepole. "Ulemavu wako haufuti uuguzaji wako. Wapo wengi hapa bondeni, mke kiwete anamtunza mume kipofu, na wanapata zote. Wala Hywel asingechukuliwa. Wangewaletea mtu wa asubuhi, wangewaletea mashine ya kumwinulia."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Bibi Eirlys. Kabla hajaugua."

Ningemrukia kooni. Nilitaka kumpiga, nimpige na yule wa buchani, na yule binti mpole wa viatu vilivyolowa aliyeniuliza mara moja tu. Kwa nini hakuniuliza mara ya pili? Lakini aliuliza. Ni mimi niliyeshika buli.

Delyth akaniwekea kikombe cha chai mbele na kukisogeza mpaka kwenye viganja. Kisha Prosser akaanza kuuliza na kuandika. Unaweza kupika? Kidogo. Kuoga? Kwa shida. Kuvaa?

"Siwezi," nikasema.

"Kuna mtu anakusaidia?"

"Alikuwepo."

Akaandika. Akafika ukurasa wa mwisho. "Hapa huwa nawaambia watu waseme siku mbaya, si siku nzuri. Watu wetu unawajua, wanaandika siku nzuri tu. Niambie siku moja ambayo mikono ilikuwa mibaya kuliko zote."

Niliitazama fomu. Nilikuwa nimemwahidi mtu juu ya vigae. Lakini ahadi ile ilikuwa ya kuzuia tusitenganishwe.

"Hakuteleza," nikasema.

Delyth akageuka. "Nini?"

"Hywel hakuteleza. Nilikuwa nimemshika. Nimemshika vizuri kabisa, Delyth, na vidole vikaachia. Nilimwangusha mimi."

Kwenye chumba cha pili watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameacha kinanda wazi, na mtu alikuwa anapangusa vumbi kwenye vibonye vyake. Prosser aliinua kalamu.

"Niliandike hilo?"

"Andika. Andika yote, nisije nikakwambia sina la kulalamika."

Akaandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa pole. Tulipoinuka mvua ilikuwa imeanza. Delyth akanisimamisha mlangoni, akanivuta koti, akaanza kunifunga vifungo. Alianzia chini. Hywel alikuwa anaanzia juu.