Magunia Mawili ya Daktari Delmas

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama mkwe alikuwa akinitania, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," nami namjibu huyo mvuvi aje basi, tutaonana.

Mwaka ule wa themanini na mbili nilikuwa nimeshapoteza misimu mitatu. Kwetu Gujan, kwenye ghuba ya Arcachon, tunafuga chaza. Kila mwezi wa sita tunapaka vigae chokaa, tunavipanga kwenye makreti na kuvishusha majini ili mbegu za chaza zije zishike. Misimu mitatu nilinyanyua vigae vitupu. Chaza wakubwa waliobaki wakaota magamba manene yaliyojikunja, nyama ndani haijazi kijiko. Wataalamu wakaja, wakapima, wakasema ni rangi: ile nyekundu wanayopaka wenye boti za starehe chini ya boti zao, mwani na kome wasigande. Ina sumu ya bati. Serikali ikaipiga marufuku mwezi wa kwanza, na mume wangu Firmin akaniambia, "Sylvaine, mwaka huu mbegu zisipokuja, tunauza. Naenda kiwanda cha karatasi." Mtu aliyezaliwa kwenye matope ya ghuba hii, akashinde kiwandani. Nililia mpaka macho yakavimba.

Siku ya tatu baada ya kushusha vigae, asubuhi, maji yakianza kujaa, nilimwona Delmas. Huyu ni daktari wa meno wa Bordeaux, mtu wa kuja wikendi na kofia yake nyeupe. Alikuwa kwenye mteremko wa kupandishia boti, hatua hamsini tu kutoka kwenye vigae vyangu, amejiingiza chini ya boti yake anaikwangua. Mikono myekundu mpaka viwikoni. Basi, mimi sikuona kitu kingine.

"Unafanya nini hapo, daktari?"

"Nakwangua rangi, bibi. Subiri kidogo nimalize, nitakueleza."

"Miaka mitatu mnatuua, leo ndiyo unataka kunieleza?"

"Hebu angalia hapa chini kwanza, nimetandika..."

Sikuangalia. Nilikuwa na reki ya chaza mkononi, mpini wa mti mgumu, nikamshushia nao kwenye mkono wake wa kulia. Mfupa ulivunjika, niliusikia. Pigo la pili lilimpata mdomoni. Nasema kweli, lilinipa raha.

Firmin na mdogo wake Bastien walitoka kibandani mbio, wala hawakuuliza nini kimetokea. Bastien aliona meno mawili yamelala kwenye mawe, akacheka.

"Si ndiyo kazi yako hiyo, daktari? Haya, yarudishe."

Akachukua nyundo, akaanza kuipasua boti. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Firmin alilivuta turubai lililokuwa limetandikwa chini ya boti, akalikung'utia majini. Pembeni palikuwa na magunia mawili yaliyofungwa vizuri. Nikadhani ni nguo na vyombo vyake. Nikayatia kisu cha kufungulia chaza, nikayapiga teke mpaka majini, vyake vyote vilowe.

Delmas alikuja akitambaa, damu inamtiririka shingoni, akaingia majini na mkono wake mmoja mzima.

"Yashikeni hayo magunia. Tafadhali, yashikeni."

Nikamkamata ukosi, nikamzamisha. "Kunywa rangi yako," nikamwambia. Alipotapatapa nikamwachia, akakohoa, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Ndiyo hiyo rangi kwenye magunia, bibi. Rangi ya zamani, yote. Siku nne naikwangua kwa msasa wa maji, vumbi lisiruke. Niliikusanya niipeleke kwa watu wanaopokea sumu. Rangi mpya isiyo na bati ile pale kwenye kopo."

Nikageuka. Maji yalikuwa yanajaa, na wekundu ule ulikuwa unakwenda nayo, mzito kama uji, moja kwa moja kuelekea vigae vyangu. Tuliingia wote watatu mpaka kifuani. Firmin na ndoo, Bastien na shati lake, mimi na viganja vyangu. Unateka wekundu, unapita kati ya vidole. Firmin akanizaba kofi palepale majini, la kwanza tangu anioe. Nikamrudishia kwa ngumi, naye akasimama tu, mikono imening'inia, akiangalia makreti yanavyozama kwenye rangi.

Tulifikishwa mahakamani mwezi wa tisa. Mimi nilijiandaa kusikia habari za meno, za boti, za mkono ambao haukunyooka tena, mkono wa kazi wa daktari. Nilikuwa tayari kwa lolote. Hakimu akamuuliza Delmas kama ana neno kabla ya hukumu. Akasimama, akanigeukia mimi, si hakimu.

"Bibi Sylvaine," akasema kwa ule mdomo wake uliobonyea, "mbegu zimekuja?"

Ukumbi mzima ulijaa watu wa Gujan, na kila mmoja alijua jibu. Firmin aliinama akashika kichwa.

"Kwa majirani zimekuja, daktari," nikasema. "Vigae vyao vimejaa."