Joto la Kona ya Nyuma

Watu wa Makwale wakikwambia Hosiana ana mdomo, usibishe. Ninao. Nimeshamfukuza mnunuzi wa kakao mwenye mizani ya wizi mpaka Ngonga, yeye kwenye baiskeli, mimi kwa miguu. Nimeshamjibu mchungaji kanisani, tena siku ya Pasaka. Siku moja tu mdomo huu ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema, na ndiyo siku ninayoisimulia.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na moja, na mvua ilikuwa haijui kuacha. Maji yalikuwa yameingia kwangu hadi jikoni, na mimi nimeshapasua kakao ya magunia mawili. Kakao mbichi haingoji mtu. Ukishaipasua lazima uivundike: unaifunika kwa majani ya migomba, inakaa siku tano au sita, inapata moto yenyewe, inatoa hewa kama kitu kinachopumua, ndipo inaiva. Siku ya tatu ukiingiza mkono humo, unautoa upesi. Sasa nivundike wapi, majini? Nikamwendea binti yangu, Dainess.

Dainess ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa ghala. Zamani lilikuwa ghala la ushirika. Ilipokuja biashara huria likakodishwa kwa tajiri mmoja, akajaza magunia mpaka yanagusa bati, na ukuta una nyufa za kuingiza vidole. Sheria yake ilikuwa moja: kakao kavu tu. Mbichi ikikutwa ndani, aliyeipokea hana kazi.

"Mama, karani Philemon akiiona, nimekwisha," aliniambia.

"Philemon na kitambi kile atafikaje kona ya nyuma? Acha woga, mwanangu. Siku tano tu. Wewe kumbuka kuigeuza."

Akacheka, maana alikuwa mtoto wa kucheka. Jumatatu jioni tukaibeba, tukailaza kona ya nyuma, tukaifunika majani, na juu yake nikatandaza kanga yangu ya zamani. Alhamisi saa moja asubuhi ukuta wa ghala ukaanguka, na Dainess alikuwa ndani peke yake.

Nilivyokimbia sitaki kusimulia. Nilikuta rundo la tofali, mapande ya zege, mbao na magunia, wanaume wanachimba kwa mikono. Angetile, kuli wa ghala, alikuwa amelala kifudifudi upande wa mlangoni, sikio kwenye zege.

"Nyamazeni!" alisema. "Anagonga. Yuko huku, kwenye mizani."

Tukachimba huko. Saa nne likaja gari kutoka juu, kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako kulikuwa na mafundi wanajaribu mashine ya kutafutia watu waliofukiwa. Mkuu wao alikuwa injinia Jovitus, mtu wa Bukoba, mpole, akatushushia shikamoo wakubwa wote kabla hajafungua mlango wa nyuma. Akateremsha kimashine, kimo cha mbuzi, kinatembea kwa minyororo kama katapila, kina waya mrefu mgongoni.

"Mama," aliniambia, "hiki kinatafuta vitu viwili: joto la mwili, na hewa tunayoitoa tukipumua. Hata kama amezimia, kitamwona."

Kikaingia kwenye upenyo wa magunia. Sisi tukabaki tunatazama kioo chake. Upande wa mizani zege lilikuwa limelala bapa, kikashindwa kupita, na kioo kikaonyesha bluu tupu. Kikageuka. Kikaenda, kikaenda, na kule nyuma kabisa kioo kikawa chekundu.

"Joto lipo!" Jovitus akapiga kelele. "Na pumzi ipo, tena nyingi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga magoti kwenye tope, nasema ndaga, Kyala, asante Mungu, ndaga. Ndipo Jovitus akainua mkono.

"Subirini kwanza. Humo ndani kuna kitu chochote cha moto? Jiko, taa, betri?"

"Hakuna," alijibu Philemon. "Kakao kavu tu."

Mtu wa Bukoba anajua kahawa. Kakao alikuwa hajawahi kuivundika. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na nilijua. Nisikudanganye kwamba nilisahau kwa uchungu. Nilijua joto lile limetoka kona gani. Ulimi ulishainuka. Nikawaza: nikisema, Philemon atamfukuza mwanangu, atoke kaburini leo, kesho hana kazi! Halafu likaja wazo la pili, tamu kuliko la kwanza: leo ni siku ya kugeuza. Mimi mwenyewe nilimwagiza. Bila shaka alikwenda kuigeuza, yuko pale pale. Nilitaka joto lile liwe la mwanangu, nilitaka mpaka nikaamini. Nikafunga mdomo.

"Jamani, mizani!" Angetile akaita. "Bado anagonga!"

Jovitus akasita. Alisema hatuwezi kuchimba pande mbili, ukuta uliobaki ukitikiswa utatuangukia wote. Akanitazama mimi mzazi, kama vile ananiuliza. Hapo mdomo wangu ukarudi, laiti usingerudi.

"Angetile, mlevi we! Mashine ya wasomi imeona, wewe unatuletea masikio yako yaliyojaa kimpumu? Unataka mwanangu afe?"

Angetile alisema mara tatu kwamba anagonga. Mara tatu nilimfokea, na watu wakanisikiliza mimi kwa sababu mtoto ni wangu. Mwisho akachukua koleo, akaja kuchimba na wenzake kule nyuma, huku analia.

Tulichimba hadi saa tisa. Harufu ndiyo iliyotangulia, ile chachu yenye utamu ndani yake, na hakuna mtu wa Makwale asiyeijua. Makoleo yakasimama yenyewe. Mvuke ukatoka kwenye majani. Jovitus akaingiza mkono, akautoa upesi.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Tukakimbilia mizani. Alikuwa chini ya zege, ameshika jiwe la mizani la kilo moja mkononi, uso hauna hata mkwaruzo. Nikamshika shingo. Alikuwa bado na joto. Mganga wa zahanati alimpima, akasema haijapita saa moja tangu akate roho.

Jovitus alikaa kwenye tope karibu na kimashine chake, anarudia kwamba mashine imekosea. Haikukosea. Ilisema kuna joto, na joto lilikuwepo.

Msibani Philemon aliwaambia watu kwamba marehemu ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa hiyo kakao mbichi aliiingiza yeye, na Mungu amsamehe. Nikasimama katikati ya watu.

"Ni mimi! Kakao ni yangu! Nilijua, nikanyamaza!"

Wanawake wakanikumbatia. Wakasema ni uchungu unanisemesha, nisijitwike makosa ya mtoto. Mchungaji akaniombea. Mdomo wangu ambao wilaya nzima inauogopa, siku hiyo hakupatikana hata mmoja wa kuuamini.

Baada ya matanga Angetile alikuja. Alinipa kanga yangu, imefuliwa, imekunjwa vizuri.

"Nimeitoa kwenye lile rundo kabla karani hajaiona," alisema. "Naijua, Mama Dainess. Ulikuwa unaivaa shambani."

Nikaishika. Hata yeye nilitaka kumfokea, Mungu ananiona, maana ndiyo kazi niliyoizoea.

"Ulijua ni yangu, na nilipoungama ukaacha waniite nimechanganyikiwa! Kwa nini hukusema?"

Angetile alitazama chini.

"Mimi nilisema, mama," alijibu. "Nilisema mara tatu."