Neno Refu la Mlangoni kwa Mama Pacha

Herufi zilifika ndani ya beseni la kufulia, nyekundu, kubwa kama sahani, zikiwa bado na vumbi la duka la vifaa vya ofisi lililofungwa mtaa wa nyuma. Shemeji yake Mama Pacha, fundi wa mabango, ndiye aliyezing'oa, na mwenye duka akamwambia azichukue tu. Kule ukutani zilisomeka STATIONERY AND PRINTING. Mle ndani ya beseni zilikuwa mchanganyiko usio na mwenyewe.

"Haya shemeji, panga SALON nikupandishie," alisema fundi.

Mama Pacha alipekua mpaka chini. L hakuna. Akajaribu HAIR, H hakuna. BEAUTY ndiyo kabisa, ilikwama hatua ya kwanza.

"Duka zima hilo halina hata L?"

"Wenzio waliuza karatasi, hawakuuza nywele."

Asingehangaika, ila ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, saluni mpya ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na mwenyewe alikuwa Chapuchapu. Chapuchapu yule yule aliyeingia kwake hajui kushika kitana, akafundishwa mpaka vidole vikampa jina. Waliagana vizuri, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Lakini bango la Chapuchapu lilikuwa la Kiingereza, lenye taa za kukonyeza, na wateja wa Mama Pacha walishaanza kulitazama shingo juu. Yeye miaka yote mlango wake ulijulikana kwa pazia. Pazia nalo halikonyezi mtu.

Basi akatoa tangazo kwa waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu: kila mtu atafute neno la Kiingereza linalotoka humo ndani ya beseni. Litakaloshinda kwa urefu ndilo litakalopanda ukutani, na aliyelipata atasukwa bure.

"Kwa nini refu?" aliuliza nesi, kichwa kikiwa nusu kimesukwa.

"Neno fupi linapita machoni kama nzi. Refu linamsimamisha mtu."

Kamusi ilikuwa ya watoto wake pacha, ya shule, isiyo na jalada, Kiingereza kwa Kiingereza. Ikawa inapita mapajani kama mtoto mchanga. Muuza mitumba aliinuka kwa maringo akapanga sakafuni IRRITATION.

"Huo ni muwasho," nesi alisema. "Nani atakuja kusukwa Muwashoni?"

Benchi likaangua kicheko hata aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akatoa kichwa kuuliza kuna nini. Muuza mitumba akazirudisha herufi zake kwenye beseni, akanuna kidogo, kisha akaomba kamusi tena.

Ijumaa nesi alikuwa zamu hospitalini. Siku hiyo mama mkwe wa Mama Pacha alikaa na kamusi tangu asubuhi. Kiingereza hakukijua, ila macho yake hayakukubali kudanganywa. Aliweka kidole chini ya kila neno, akatazama beseni, akasogeza kidole, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Jua lilipoanza kushuka alimwita mkwewe. Sakafuni, toka mlangoni hadi kwenye kiti cha kuoshea, lilikuwa limelala neno: DISINTEGRATION.

"Hili linafika mpaka kwa jirani," alisema fundi, akifurahi.

"Mama, maana yake nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Maelezo yake nayo ni Kiingereza, mwanangu. Lakini neno la urefu huu haliwezi kuwa baya. Mabaya huwa mafupi. Njaa. Vita. Kifo. Yaone yalivyo."

Mama Pacha aliona ni kweli. Ngazi ilikuwa tayari, na kesho ndiyo ile Jumamosi. Likapanda.

Asubuhi, kabla hajamaliza kufagia, Chapuchapu alivuka barabara, amevaa nguo ya ufunguzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunialika au kunicheka?"

"Mama, nani amekuchagulia lile neno?" Akapunguza sauti. "Maana yake kusambaratika. Kitu kuvunjikavunjika mpaka kiishe."

Mama Pacha aliegemea fagio. Ng'ambo, wateja walishaanza kupanga foleni chini ya zile taa, na wawili aliwajua hata kwa visogo.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Nilitaka kunyamaza. Nikakumbuka yule bibi harusi niliyemsuka upande upande. Ulimwambia ni mkono wako umeteleza."

Mama Pacha aliegemeza fagio ukutani. Alikwenda kuleta ngazi. Chapuchapu, na nguo yake ya ufunguzi, akapanda yeye, mwalimu wake akapokea herufi chini na kuzitia kwenye beseni. Foleni ya ng'ambo ilipomwona mwenyeji wake yuko juu ya ngazi ya watu, ikavuka kuja kuona.

"Hizi za nini?" aliuliza mmoja, akainama.

"Tunatafuta neno refu," alisema muuza mitumba, aliyekuwa ameshafika. "Ila sasa liwe na maana njema. Kaa hapo, shika kamusi."

Akakaa. Wa pili akakaa. Benchi likajaa, wengine wakachutama kuzunguka beseni.

"Jamani, mimi nimefungua leo," Chapuchapu alilalamika huku akicheka.

"Tunakuja, dada, tumebakiza herufi mbili tu."

"Watakuja," Mama Pacha alimwambia. "Kwangu kukijaa nitakupa, kwako kukijaa unipe."

Kutoka ndani sauti ya mama mkwe ikapita juu ya vichwa vyote. Alikuwa ameshakalia kiti cha kusukia, kilemba mkononi.

"Na mimi nasukwa lini? Mlisema refu. Hamkusema zuri."

Mama Pacha akachukua kitana.