Kizimba cha Wahu

Tangu asubuhi Wahu alikuwa amewaka hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa paka. Ilikuwa kwa mtu fulani asiyejulikana aliyetega waya uani. Paka koko alinasa mguu wa nyuma, akavuta hadi waya ukakatika, na kipande kikabaki kimezama nyamani. Sasa anachechemea nyuma ya stoo ya mahindi, ukimsogelea tu, huyoo, ametoroka.

Daktari wa mifugo, Wamalwa, huja Kitale Jumatano tu, na saa kumi hurudi kwao Bungoma. Wahu alikuwa amembipu, daktari akampigia, akamwambia wazi kwamba mguu huo hautangoja Jumatano nyingine. Na leo ndiyo Jumatano.

Basi Wahu akatwaa kizimba cha kubebea kuku, akaufunga mlango wake kamba ya kuuinua juu, akamwaga dagaa wa omena ndani. Hakutaka mgonjwa alale juu ya mbao tupu, kwa hiyo akatandika gunia alilolikung'uta vizuri. Akajibanza nyuma ya tangi la maji, kamba mkononi. Paka akaja, akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Mara tatu. Kufikia saa nane Wahu alikuwa anamtukana paka kwa sauti ya chini na kumwomba msamaha papo hapo.

Jirani yake Nabwile akapita na jembe, akainama kizimbani, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Gathii, hili gunia si ni la stoo? Limejaa dawa ya dumuzi. Hata mimi singelala hapo."

Loo! Mahindi hupakwa dawa ile kila mwaka yasiliwe na wadudu, nyumba nzima inanuka, nani bado anaisikia? Wahu aliona aibu kweli. Akalitupa gunia, akakisugua kizimba, akavua sweta aliyoivaa na kuitandika.

Saa tisa unusu paka akaingia mzima mzima. Wahu akalegeza kamba polepole, mlango ukashuka bila kishindo.

Wahu akakibeba kizimba mbio mpaka kwa daktari, akamkuta akifunga begi. Daktari akamviringisha paka kwenye sweta, akautoa mguu uliovimba, akabana kidole kimoja cha mguu huo kwa nguvu. Wahu akageuka asione. Mguu ukaruka, makucha yakampasua daktari kiganja.

Daktari akaitazama damu yake, akatabasamu.

"Mguu bado unasikia. Huu tutauokoa."

Wahu akaketi sakafuni pale pale, akalia bila kujificha.