Kiapo cha Bwana Kifungu

Kwenye karatasi za mahakama, Mama Faili alikuwa mgonjwa kuliko wodi nzima. Katika miaka ishirini na tatu ya ukarani kwa wakili alikuwa ameugua malaria mara kumi na saba, ameteleza bafuni mara sita, ameweka majalada kwenye makabati yasiyo yake mara zisizo na idadi, na kufiwa na shangazi wanne, ilhali baba yake alizaliwa katika nyumba ya wanaume watupu. Yote hayo aliyaapia, akasaini, mhuri ukagongwa. Ndivyo kazi ilivyokwenda: wakili akichelewa, karani anaumwa. Jaji anasikitika kidogo, anaongeza siku, na wakili anatoka kifua mbele kama mtu aliyekesha akimuuguza.

Bosi wake mji mzima ulimwita Kifungu, kwa kuwa hakuweza hata kuagiza chai bila kutaja kifungu fulani, kifungu kidogo fulani. Ndiye pia aliyekuwa mtoa mada wa kudumu katika semina ya mawakili ya kila mwaka, ile ya "Mambo Mapya Katika Sheria". Bila alama za semina hiyo hupati leseni, kwa hiyo ukumbi hujaa pomoni. Watu wanasaini asubuhi, wanakaa. Huyu anajibu meseji chini ya meza, yule analala macho wazi, ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Kifungu husoma, wao hupiga makofi. Mada ni ileile mwaka wa tisa sasa. Mama Faili alijua vizuri, maana kazi yake ilikuwa kubadilisha mwaka kwenye jalada na kuchagua rangi ya karatasi. Safari hii alichagua kijani.

Jumatatu baada ya semina, Kifungu aliingia ofisini bado amejaa sifa. Kwenye benchi la wateja alimkuta mama mkwe wake, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama rula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Ile rufaa yangu imekwenda?"

Mama huyu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, aliyoijenga na marehemu mumewe, maji ya kukorogea saruji akiyasomba yeye kwa kichwa. Tarehe mbili ya mwezi ule mahakama ilikuwa imempa nyumba hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeibuka na karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona marehemu akiwa hai. Kilichobaki kati ya mama na kufungasha vyombo ni rufaa.

"Mama, tulia," Kifungu alisema. "Taarifa ya rufaa ni siku thelathini. Leo tarehe ishirini na nne. Juzi tu nimewafundisha mawakili mia na ishirini. Mama Faili, peleka masjala."

Mama Faili akapeleka. Ofisa wa masjala aliitazama ile taarifa, akaitazama kalenda, akairudisha kwa kidole kimoja.

"Dada, hii imechelewa."

"Imechelewaje? Thelathini bado siku nane!"

"Si thelathini tena. Ni kumi na nne. Tangu Januari."

"Nani alitangaza?"

"Tangazo si lile pale mlangoni?"

Mama Faili aligeuka. Mlango wa masjala ulikuwa wazi, umebanwa ukutani kwa tofali, kama ulivyobanwa kila siku ya kazi. Ofisa alisogeza tofali kwa mguu, akauvuta mlango, na kwa nyuma ndipo tangazo lilipoonekana, limebandikwa vizuri, kona zote nne. Kwa miezi minane lilikuwa likiutangazia ukuta.

Alilisoma lote. Mstari wa kwanza ulimkata maini: siku kumi na nne. Wa pili aliurudia mara tatu: kosa la karani si sababu tena ya kuongezewa muda, wakili aliyechelewa ataapa mwenyewe, kwa jina lake, na kueleza sababu ya kweli. Alisimama pale akijisikia kupona magonjwa yote kwa mpigo.

Ofisini Kifungu alikataa kwanza. Alisema masjala wanaota. Alisema kanuni haiwezi kubadilika bila yeye kujua. Mama Faili akainua mkono, akateremsha kutoka rafu ya juu Gazeti la Serikali la Januari, ambalo bosi alikuwa ameagiza lisitolewe kwenye nailoni yake lisije likachakaa. Akaipasua nailoni kwa meno. Kifungu akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, kama vile uchafu wa miwani ndio uliokula zile siku kumi na sita.

"Sawa," alisema akijikaza. "Tuombe kuongezewa muda. Andika kiapo. Mara ya mwisho uliumwa nini?"

"Mgongo, bosi. Lakini sasa sijambo."

"Basi tuseme mguu."

"Soma mstari wa pili."

Akausoma.

"Tuseme dereva," akanong'ona.

"Huna dereva."

"Mlinzi?"

"Bosi, mlinzi anajuaje mambo ya rufaa?"

"Na mimi nitasema nini? Niseme nini mimi?"

Kati ya chumba chake na benchi la wateja palikuwa na ubao mwembamba tu, hata mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamwombea afya. Sauti ya mama mkwe ikapita bila taabu.

"Useme hukujua, mkwe wangu."

Siku nzima waliandika. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba mwapaji, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, alikuwa katika hali ya kutokuwa na taarifa timilifu. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amehama benchi na kukaa kando ya kompyuta, akauliza maana yake. Mama Faili akamwambia: hakujua.

"Mbona hajaandika hivyo?"

Rasimu ya pili ilikuwa na neno la Kilatini. Ya tatu ilikuwa na mawili. Ya nne ililaumu mabadiliko ya tabianchi, kwamba mvua zilikuwa zimevuruga usambazaji wa Gazeti la Serikali, na hapo Mama Faili akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Bosi, gazeti lilikuwa hapa juu. Mimi ndiye niliyelipokea na kulisainia."

"Mkwe wangu," mama alisema, polepole, "ile nyumba ndimo mkeo alimozaliwa. Nikitolewa, nitakuja kukaa kwako. Na mimi si mgeni wa wiki moja."

Rasimu ya tano ilikuwa na mistari mitatu. Mama Faili hakubadilisha hata nukta.

Habari mahakamani hazihitaji tangazo la mlangoni. Siku ya kusikilizwa kwa maombi, mabenchi yalijaa majoho meusi. Hata wasio na kesi wiki ile walikuwa wamekuja, kila mmoja na jalada tupu la kuzugia. Mama Faili alikaa nyuma na mama mkwe. Jaji aliingia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchokachoka, akaifungua hati ya kiapo na kuisoma kwa sauti.

"'Mimi ni wakili. Ninafundisha mawakili wenzangu mambo mapya katika sheria. Siku za rufaa zilipunguzwa Januari, mimi nikafundisha za zamani, kwa sababu sikusoma.'"

Akakigeuza kiapo kuona kama kina upande wa pili. Hakikuwa nao.

Wakili wa shemeji akasimama, tai imenyooka. "Mheshimiwa, tunapinga. Muda ni muda. Mwenzangu msomi hana udhuru wowote."

"Wewe ulijua lini kuhusu siku kumi na nne?"

"Nilipoletewa maombi haya, Mheshimiwa."

"Kwenye semina ulikuwepo?"

"Safu ya mbele, Mheshimiwa."

"Ulisikia siku ngapi?"

"Mheshimiwa, nilikuwa… nimesaini."

Kicheko kikapita mabenchini na kukatika ghafla, maana jaji alikuwa amenyanyua macho.

"Msicheke. Mimi niliifungua semina hiyo kwa hotuba, nikaondoka kabla ya chai." Akashika kalamu. "Kazi hii nina mwaka wa kumi na tisa. Nimeletewa makarani wagonjwa, magari mabovu, mafuriko wakati wa kiangazi. Hiki ni kiapo cha kwanza ninachokiamini kila neno. Nampa mleta maombi siku saba."

Hapo ndipo mzee mmoja wa benchi la tatu alipoanza kuhesabu kwa vidole. Alifika kumi na nne, akaikumbuka rufaa ya mteja wake mwenyewe. Akainuka, akainama kwa heshima, akatoka. Akafuata wa pili, hakuinama. Wa tatu alikanyaga joho la wa nne. Nusu dakika baadaye mawakili wapatao thelathini walikuwa wamekwama kwenye mlango mmoja, wakisukumana kwa Kiswahili sanifu, "Samahani mwenzangu msomi, ondoa kiwiko!" huku jaji akimtazama karani wake wa mahakama kama anayeuliza iwapo jengo linaungua.

Mama Faili hakungoja. Alimshika mama mkwe mkono, wakapita mlango mdogo wa wafungwa, ambao makarani wote wanaujua na mawakili hawaufikirii, wakakata uani na kufika masjala wa kwanza. Nyuma yao foleni ya majoho ikaanza kujikunja hadi barabarani. Kifungu aliwasili mwisho, na kila alipopita alidakwa mkono.

"Mzee, nisaidie kakiapo kadogo tu. Useme wewe ndiye uliyenipotosha."

"Na mimi, mzee. Ninayo mada yako, ile ya kijani. Nitaiambatisha."

"Niambatisheni wote," Kifungu alisema kwa uchovu. "Ila nipisheni, nina mteja."

Ofisa akagonga mhuri. Mama mkwe akaichukua nakala yake, akaisoma tarehe, akapuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkoba. Kifungu alinyoosha mkono aiweke kwenye jalada la ofisi.

"Hii nakaa nayo mimi," mama alisema. "Sasa niambie, hizo hoja zenyewe za rufaa zinatakiwa ndani ya siku ngapi?"

Kifungu alivuta pumzi, akaunyoosha mgongo kama yuko jukwaani, akafungua mdomo. Mama Faili alimtazama tu. Mdomo ukabaki wazi, halafu ukafungwa.

"Mama," alisema, "kaa hapo kwenye benchi kidogo. Ngoja nikasome."