Kikapu cha Chumba Namba Saba

Miaka kumi na minane mama mmoja alifagia jengo la halmashauri, ghorofa tatu, vyumba ishirini na viwili. Wenye suti zao walimwita Mama Ufagio na kumpita kama wanavyopita kiti. Na wampite tu. Kiti nacho husikia, tena huyu alikuwa akisoma.

Jumatatu hiyo alikuwa akifuta kioo cha ubao wa matangazo, kule ukumbini ndani ambako raia wa kawaida hafiki, akaona karatasi mpya. Kamati ya afya inapendekeza kufunga wodi ya wazazi ya zahanati ya mtaani. Wajawazito wote waende hospitali kuu, ng'ambo ya mji. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kitambaa kikamdondoka. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, na katika uzazi wa kwanza alivuja damu hadi macho yakageuka meupe. Kilichomwokoa ni wodi hiyo, hatua mia mbili kutoka kitandani kwake.

Jioni akawaeleza majirani barazani kwa kinyozi. Kinyozi, mwenye sauti ya kutangaza mpira, akasema dawa ni moja tu, twende kwa mbunge. Wakaenda watu arobaini na mabango yao. Mbunge alikuwa safarini; msaidizi wake akawaeleza kwa upole kwamba mbunge hutunga sheria za nchi, wodi ya mtaani ni kazi ya halmashauri. Basi wakaenda halmashauri, wakapiga kelele chini ya dirisha la mkubwa wa ghorofa ya tatu, lile lenye bendera. Mkubwa akachungulia, akapunga mkono, akaahidi kulishughulikia. Watu wakarudi wakishangilia. Siku sita zikawa zimekwenda na maji. Hapa ndipo sisi wananchi tunaponiudhi: kelele tunazijua, mlango hatuujui.

Mama Ufagio hakushangilia, maana ndiye aliyekuwa akimwaga vikapu vya taka. Kikapu cha mkubwa, mwaka nenda mwaka rudi, kilikuwa na vijiti vya meno na gazeti lililojazwa chemsha bongo. Lakini chumba namba saba, chini kabisa, jirani na choo, dari yake ikivuja, kikapu kilifurika kila siku: rasimu zilizochorwa kalamu nyekundu, bajeti zilizokatwa na kuandikwa upya, kumbukumbu za vikao. Humo ndimo ilimofanyia kazi kamati ya afya, madiwani saba na katibu wao. Na mmoja wa hao saba alikuwa fundi viatu wa mtaani kwao, diwani waliyemchagua wenyewe kisha wakamsahau.

Alipomwambia kinyozi, kinyozi akacheka mpaka akashika ubavu. Ati serikali tunaitafuta kwenye takataka?

"Jiko lisilo na taka halipiki, mwanangu," Mama Ufagio akamjibu.

Wakamfuata fundi viatu kibandani kwake. Akawaambia, huku akigonga kisigino, kwamba siku zote alikuwa hapo hapo akingoja mtu amuulize. Barua iwe na sababu, majina na sahihi. Ipelekwe namba saba, igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikipokelewa, mmoja wao ana haki ya kusema kikaoni. Kinyozi akaifanya kazi hiyo kwa namna yake: ananyoa kichwa upande mmoja, anaweka wembe chini, anatoa karatasi. Mwenye nusu ya nywele hana pa kukimbilia. Hadi Alhamisi sahihi zilikuwa mia tatu na kumi, na muhuri ukagongwa.

Ila wa kusema awe nani? Vidole vyote vikamwelekea Mama Ufagio. Msimamizi wa usafi alikwisha kumwonya kwamba anayelishwa na mkono wa halmashauri asiung'ate. Binti yake naye akamsihi aache, kazi ile ndiyo iliyowalisha tangu baba yake afariki.

"Kazi nitatafuta nyingine," mama akasema. "Wewe nitakutafuta wapi?"

Siku ya kikao akaomba ruhusa ya asubuhi moja, akavaa gauni la kwendea harusini. Katibu alipomwona mlangoni akamwambia chumba kimeshafagiwa.

"Leo sikuja kufagia," akasema, akavuta kiti, akaketi.

Zamu yake ilipofika akasema. Alikuwa amekwenda hospitali kuu mwenyewe, saa mkononi: safari ilichukua saa mbili na dakika kumi, tena bila mimba. Akawaeleza damu ya binti yake ilivyotoka na ilivyozuiwa. Mwenyekiti akauliza mbona wananchi wamechelewa kuja. Akajibu kwamba tangazo lilibandikwa mahali wanapopita wao saba na ufagio wake. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kura zikapigwa: wanne kwa watatu, wodi ibaki. Na matangazo, kuanzia siku hiyo, yabandikwe getini nje.

Kesho yake alikwenda kazini roho mkononi. Msimamizi akampa ufagio wake. Namba saba akainamia kikapu kama kawaida, kwa hofu, maana barua za watu alikwisha kuzimwaga nyingi. Ndani akakuta rasimu ya kufunga wodi, imechanwa vipande vinne. Barua yao ilikuwa mezani, ndani ya faili. Akakaa chini pale pale, akalia kwa furaha, kisha akamwaga taka.

Wiki tatu baadaye binti alishikwa na uchungu, wakaenda kwa miguu hadi wodini, na baada ya mtoto kutoka damu ikaanza tena. Mama akafungua kinywa kumwita mkunga. Hakumaliza kuita. Mkunga alikuwa ameshafika kitandani.